Watu Wasiohamisha Viti

Mimi huchagua programu za kompyuta kama mama yangu alivyochagua fundi wa kushona. Mama hakuanza kwa kuangalia nguo zilizotundikwa ukutani. Aliketi kwenye benchi ya fundi, akasingizia kwamba jua limemchosha, akasikiliza fundi anavyomjibu mteja mwenye malalamiko. Fundi akisema kwamba ni mwili wa mteja ulionenepa, mama alinyanyuka akaaga. Fundi akisema lete nione, mama alitoa kitambaa chake kwenye kapu. Nami kabla ya kuweka programu katika mashine ya mtu, nataka kujua walioitengeneza ni watu wa namna gani, na wanamjibu vipi mtu aliyewajia akinung'unika. Mume wangu hunicheka. Anasema programu ni programu, haihitaji kuchumbiwa. Lakini yeye ni mtu ambaye kompyuta ikimuuliza jambo lolote hubonyeza ndiyo kabla hajamaliza kusoma swali, na hizo ndiyo zake zimenipa kazi nyingi nyumbani.

Nina karakana ndogo ya kutengeneza kompyuta hapa Lubumbashi. Watu huniletea mashine zilizojaa vumbi jekundu la kiangazi, mashine zilizoungua umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika, na mashine zisizo na ugonjwa wowote ila mwenyewe amesahau neno lake la siri. Miaka mingi nilifanya kazi hiyo bila kujali falsafa ya mtu. Mteja akitaka kipya, nilimwekea kipya. Nilianza kujali siku macho ya dada yangu mkubwa yalipozima.

Dada huyo namwita Yaya, kama ilivyo desturi kwetu kumwita dada aliyekutangulia kuzaliwa. Alikuwa katibu ofisini, mmoja wa wale waliofundishwa na masista kupiga mashine huku wamefunikiwa vidole kwa kitambaa. Ugonjwa wa presha ya macho ulimla polepole, ofisi ikamuaga, na kwa kuwa mume wake alikuwa amekwisha kufariki na hawakujaliwa watoto, alirudi kuishi na mama katika nyumba yetu ya mtaa wa Makomeno, ile ambayo baba aliipata alipokuwa mtu wa reli.

Kaka yetu, mzaliwa wa kwanza, hakupendezwa na mpango huo. Yeye anaishi mbali, huko Kasenga, anafanya biashara ya samaki, na nyumba yake haikosi watu. Alisema Yaya aende kwake, huko kutakuwa na mikono mingi ya kumshika. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Kwake yeye mapendo ni kumshika mtu mkono usiuache, hata kama mtu mwenyewe hajakuomba. Mama alimkatalia. Alisema binti yake akienda huko atageuka mgeni wa kulishwa, ataketi kwenye mkeka akisubiri sahani. Wakabishana kwa simu majuma mengi, na mwishowe wakapatana hivi: Yaya akiwa anafanya kazi yake mwenyewe na anajitembeza mwenyewe, atabaki Makomeno. Siku atakaposhindwa, kaka atakuja na gari.

Kutembea hakukuwa shida, kwa sababu mama aligeuka mkali kama polisi. Katika nyumba ile hakuna kitu kilichohama bila Yaya kuambiwa. Kabati lilikaa kulia ukiingia, meza katikati, na kiti cha mama, kile cha kamba kilicholegea katikati, kilikaa karibu na mlango wa nyuma pale upepo unapopita. Mama akisogeza ndoo tu, alipaza sauti kutoka jikoni: “Nimesongeza ndoo, iko ku mulango.” Hata wageni waliambiwa warudishe kiti walipokikuta. Mimi mwenyewe nimewahi kuitwa kutoka barabarani, nikiwa nimekwisha kuaga, nirudi nikarudishe kigoda.

Kazi ndiyo ilikuwa mtihani. Yaya alipata ya kuandika matangazo kwa ajili ya redio moja ndogo ya mtaani. Watu walituma sauti zao kwa simu: fulani amefariki, kilio kiko mahali fulani, mazishi saa fulani. Yaya alisikiliza, akaandika vizuri, akatuma maandishi kwa msomaji. Vidole vyake havikuhitaji macho. Alichohitaji ni programu ya kumsomea kwa sauti kile kilichopo kwenye skrini, na hiyo nilimwekea mimi, katika mfumo wa kompyuta ambao watu wengi wanautumia, mzuri, wenye rangi, wa kisasa. Nilijivuna sana wiki ile ya kwanza.

Kisha asubuhi moja mashine ikajisasisha yenyewe. Yaya alipoiwasha, vifungo vilikuwa vimebadilishwa kazi. Kile alichozoea kubonyeza ili asomewe mstari sasa kilifungua dirisha la habari za dunia. Nikaenda, nikarekebisha. Baada ya muda ikajisasisha tena, na safari hii sauti ikapotea kabisa. Asubuhi hiyo palikuwa na tangazo la mazishi. Yaya alihangaika na mashine bubu, na mama, ambaye hakuwa na mazoea ya simu kubwa, hakuweza kumsaidia, na tangazo halikusomwa. Wafiwa walikuja nyumbani wakiwa na hasira, na walikuwa na haki. Habari hizo zilifika Kasenga kabla ya jua kuzama. Kaka alipiga simu, hakugomba, aliuliza tu kwa upole aje lini. Upole huo ulimtisha Yaya kuliko makelele.

Nilipofika Makomeno kesho yake nilimkuta ameketi mbele ya mashine iliyozimwa, mikono juu ya magoti. Niliudhika na wale watengenezaji kiasi cha kutaka kuitupa mashine nje. Nikaanza kumweleza kwamba kuna toleo jipya zaidi, pengine lingekuwa bora. Akanisimamisha.

“Mudogo yangu,” akasema, “miye sitake kitu ya mupya. Unitafutie bantu benye habahamishake viti.”

Watu wasio na tabia ya kuhamisha viti. Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikaacha kutafuta programu, nikaanza kutafuta watu.

Ukitaka kuwajua watengenezaji wa programu, usisome wanavyojisifu. Wote wanajisifu sawasawa. Soma wanavyogombana. Wengi wao hujadiliana mahali pa wazi, kwa barua ambazo yeyote anaweza kuzisoma, na mimi nilizisoma kwa majuma, Kifaransa kidogo, Kiingereza cha kuokotaokota, simu mkononi huku naangalia sufuria ya bukari, ugali wetu. Mume wangu aliuliza kama nimepata mpenzi wa kuandikiana. Nilimjibu kwamba nimepata wengi, na wote wana ndevu.

Kwanza niliangalia wale wa mfumo tuliokuwa nao. Mtu mmoja asiyeona alikuwa amewaandikia kwamba sasisho limemvurugia vifungo, hawezi kufanya kazi. Walimjibu kwa adabu sana. Walimshukuru, wakamweleza kwamba mpango mpya ni rahisi zaidi, na kwamba baada ya muda atazoea. Nikamkumbuka fundi anayemwambia mteja kwamba ni mwili wake uliobadilika. Nikafunga ukurasa.

Nikaangalia wengine, na wengine. Wapo niliowapenda kwa bidii yao lakini walikuwa watu wa kubomoa ukuta kila Jumatatu. Wapo waliokuwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa mgonjwa. Mwishowe nikafika kwa kikundi kimoja kikubwa cha watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawalipwi, wanaotengeneza mfumo mzima wa kompyuta na kuugawa bure. Niliwahi kuwasikia zamani nikawapuuza, kwa sababu mambo yao yalikuwa na sura ya kizee. Walikuwa wameandika makubaliano kati yao na wanaotumia kazi yao, maneno machache, kama ahadi za ndoa: kwamba hawatawaficha watu makosa, kwamba wanaotumia ndio wanaotangulia. Lakini ahadi ya ndoa kila mtu anaijua kwa moyo. Nilichotaka kujua ni maisha ya nyumbani.

Maisha yao ya nyumbani yalikuwa hivi. Toleo jipya hulitoa likiwa tayari, na ukiwauliza litakuwa tayari lini, wanakwambia likiwa tayari. Likishatoka, wanalifunga. Kuanzia hapo hawaingizi kitu kipya hata kiwe kizuri namna gani. Wanaziba matundu tu: palipo na kosa wanatengeneza, palipo na mlango unaoweza kuingiliwa na mwizi wanaweka kufuli, na vyote vingine vinabaki mahali pake kwa miaka. Wakitaka kuleta toleo lingine wanatangaza mapema, kama padre anavyotangaza ndoa, ili mwenye neno aseme. Nilipomweleza mama habari za kungoja mpaka kitu kiive, alisema watu hao bila shaka wanajua kupika.

Hata hivyo si hilo lililonimaliza. Lililonimaliza ni ugomvi mmoja mdogo niliouokota katika barua zao. Mtu alikuwa amelalamika kwamba katika toleo walilokuwa wanalitayarisha, kifungo kimoja cha kusomewa kimebadilishwa kazi. Ni mtu mmoja tu, na barua yake ilikuwa na makosa mengi ya kuandika. Wakabishana juu yake kwa siku kadhaa. Mmoja alisema kazi mpya ya kifungo ina faida zaidi, na nilivyoelewa mimi, alikuwa na haki. Mwingine akamjibu kwamba faida ipo, lakini huyu mtu hakukosa kitu, mikono yake ilijifunza kile tulichomfundisha sisi. Kwa hiyo kifungo kikarudishwa, na hiyo kazi mpya ikatafutiwa mahali pengine. Nilisoma hapo nikaweka simu chini, nikalia kidogo, bukari ikaungua. Katika barua hiyo nilikuwa nimemsikia mama yangu akiita kutoka jikoni.

Nikamwekea Yaya mfumo wa watu hao, toleo lao thabiti, katika mashine ileile. Sitasema kwamba kila kitu kilikuwa asali. Printa tuliyoazimwa na parokia imekataa kuzungumza nayo mpaka leo. Picha zilikuwa na rangi za kuchakaa. Mume wangu alisema kompyuta ya shemeji yake imevaa nguo za mwaka juzi. Sauti ya kusoma ndiyo ilikuwa ya kuchekesha kuliko vyote, kwa sababu ilitamka Kiswahili kama padre mgeni aliyeshuka kwenye ndege juzi. Yaya hakujali hata kimoja. Alijifunza vifungo vipya mara moja, na baada ya hapo hakufundishwa tena. Asubuhi aliwasha, akakuta kila kitu alipokiacha. Akawa anawaulizia watengenezaji kama jamaa wa mbali: bale bantu beko wazima? Beko nasali? Wana watoto? Nilimwambia kwamba sijui kama wanasali, lakini wanaungama makosa yao hadharani. Akasema inatosha.

Miaka ikapita hivyo, ya utulivu. Matangazo yalisomwa. Kaka alipiga simu Jumapili, akauliza habari za mama, akauliza habari za Yaya, na hakutaja gari tena.

Kisha mama akafa, asubuhi ya kiangazi, moyo wake ulisimama akiwa anafagia uwanja. Nami namlilia hata sasa ninapoandika, sitaki kusema zaidi.

Msomaji wa mbali labda hajui jinsi tunavyofanya kilio. Mtu akifa, nyumba inamwagwa. Majirani wanawake wanaingia, wanabeba viti, meza, kabati, redio, mapazia, kila kitu kinatoka nje au kinapelekwa kwa jirani, mpaka sebule inabaki sakafu tupu. Mikeka inatandikwa, na wanawake wanaketi chini pamoja na wafiwa mpaka kilio kiishe. Ni heshima. Huwezi kukaa juu ya kochi huku mwenzako amepoteza mama. Majirani wa Makomeno walimpenda mama, kwa hiyo waliimwaga nyumba yake kwa upendo wote, haraka, kabla sisi hatujarudi kutoka hospitali tulikomkimbiza mama. Mashine ya Yaya walimkabidhi mume wangu, naye akaipeleka nyumbani kwetu isije ikapotea katika zogo.

Hakuna aliyekumbuka kwamba mwenye nyumba haoni.

Yaya alishuka kwenye gari akaingia mwenyewe, kama kawaida yake, mkono wa kulia umetangulia kutafuta kabati. Mkono ukakuta hewa. Alisimama. Nyumba tupu ina mlio wake, hatua inarudi kutoka ukutani, na nilimwona akigeuza kichwa huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Akaenda mbele kutafuta meza, hakuipata, akapinda, akajigonga paji la uso kwenye fremu ya mlango wa chumba. Alivimba. Siku zote za kilio alitembea hivyo ndani ya nyumba aliyoijua kuliko mtu yeyote, akishika kuta, akikanyaga miguu ya waombolezaji, akiomba msamaha. Watu wakaanza kumshika mkono. Kufikia mazishi hakwenda tena popote bila kushikwa. Na kaka yetu, aliyekuwa amefika kutoka Kasenga, alikuwa ameketi nje na wanaume, lakini mlango ulikuwa wazi, na aliona yote.

Baada ya mazishi, siku ya kumaliza kilio, jamaa waliketi mchana katika ile sebule tupu ili kupanga mambo, kama inavyofanyika. Kaka alisema yaliyobaki ya kusemwa: misa, shukrani kwa majirani, nyumba. Kisha akafika kwa Yaya. Hakukasirika, hakuamuru. Alikuwa amechoka, na macho yake yalikuwa mekundu.

“Mama haiko tena,” akasema. “Nimeona vile anagongana na ukuta mu nyumba yake mwenyewe. Miye siwezi kumuacha hapa. Tutaenda naye Kasenga.”

Wazee wakaguna kukubali. Mimi nilikuwa na maneno mengi, na nina mdomo, kila mtu katika jamaa yetu analijua hilo, lakini nilijua pia kwamba maneno yangu hayatafika popote. Walikuwa wamemwona kwa macho. Yaya alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu nami, uvimbe wa paji la uso umegeuka mweusi. Akasubiri mpaka sauti zikatulia.

“Kaka, haiko macho ndiyo imenipoteza hapa,” akasema. “Vitu yote ilihama, na hakuna muntu aliniambia. Munipe kwanza mashini yangu.”

Mume wangu alikuwa ameileta garini ili airudishe. Akaenda kuichukua, na aliporudi aliinama kando yangu, uso wake umechangamka kwa mara ya kwanza juma hilo, akaninong'oneza kwamba ameipa dawa. Nilimuuliza dawa gani. Akasema wakati sisi tuko kwenye kilio yeye aliifungua ili kuipangusa, ikamwomba mise à jour, yaani isasishwe, na kwa kuwa alitaka Yaya apate angalau kitu kimoja kizuri katika msiba huu, aliunganisha kwenye mtandao akaikubalia kila kitu.

“Yote?” nikauliza.

“Yote,” akasema, na alijivuna kweli.

Sijui kama umewahi kumpenda mtu na kutaka kumnyonga kwa wakati uleule. Niliona asubuhi ile ya sauti iliyopotea ikirudi, safari hii mbele ya jamaa nzima, mbele ya kaka, na gari liko nje. Nilitaka kuomba tuahirishe, niseme betri imekufa. Lakini Yaya alikuwa amekwisha kuiweka mapajani. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye kifungo cha kuwasha.

Mashine ikaunguruma. Nikahesabu pumzi zangu. Kisha yule padre mgeni wa ndani ya mashine akamsalimia Yaya kwa maneno yaleyale, kwa lafudhi ileile mbaya, na mabega ya Yaya yakashuka.

Alibonyeza kifungo chake cha kusomewa, kikasoma. Akafungua mahali pa matangazo, palikuwa pale. Sikuona kidole chake kikisita hata mara moja. Katika nyumba yote ile, kitu kimoja tu kilikuwa hakijahama, na alikuwa amekishika.

“Kaka,” akasema, “tangazo ya kushukuru bantu, umepata mwenye kuiandika?”

Familia ikimaliza kilio hutuma redioni shukrani kwa wote waliokuja, na ni aibu kubwa kuchelewa. Kaka alikuwa hajapata mwandishi. Akasema hivyo. Basi anza, Yaya akamwambia. Kaka akasafisha koo, akaanza kutaja wa kushukuriwa, polepole mwanzoni, kama anavyosemeshwa mgonjwa, na vidole vya Yaya vikamsubiri kila baada ya maneno mawili mpaka yeye mwenyewe akaongeza mwendo. Walipomaliza, Yaya aliifanya mashine isome. Yule padre mgeni akaishukuru jumuiya ya parokia, akawashukuru majirani wa Makomeno, na alipofika kwa akina mama waliopika alilitamka neno sufuria kwa namna ambayo shangazi mmoja alicheka akaziba mdomo, na wengine wakamfuata. Ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka katika nyumba hiyo tangu mama atutoke. Kaka hakucheka. Alisema wamesahau kuwashukuru waliochimba kaburi. Yaya alipanda mistari, akapata mahali, akaongeza, mashine ikasoma tena. Ilikuwa sawa.

Baadaye, nilipotulia, niliiangalia mashine hiyo nione mume wangu alikuwa ameikubalia nini. Zilikuwa kufuli na viraka tu. Matundu fulani yalizibwa, makosa fulani yalinyooshwa, na hakuna kifungo, sauti wala dirisha lililoguswa. Alikuwa amesema ndiyo kwa kila kitu, na bale bantu hawakuwa na kitu cha kuhamisha. Waliahidi hivyo kwa watu wasiowajua, na walifanya hivyo kwa dada yangu ambaye hawatamwona kamwe. Niliwashukuru sana moyoni. Mume wangu nilimsamehe, ila anasema bado namtazama vibaya akikaribia kompyuta.

Lakini siku ile, baada ya tangazo kusomwa, kaka aliketi mikono imening'inia katikati ya magoti. Halafu akanyanyuka. Tulidhani anakwenda garini. Akawaita wanaume waliokuwa nje, akawaambia vitu virudi ndani. Wakaanza kuleta kabati, na mmoja akataka kuliegemeza popote ili apumzike.

“Bado,” kaka akasema. Akamgeukia Yaya. “Ilikuwa fasi gani?”

Yaya akasimama mlangoni, bila kushikwa na mtu. Akawaelekeza. Kabati kulia, lakini lisibanwe na ukuta, mama aliacha nafasi ya ufagio nyuma yake. Meza katikati, upande wenye ufa uangalie dirisha. Kila kitu kilipowekwa alikwenda, akakigusa, akarudi mlangoni. Mara mbili aliwaambia wasogeze tena, na kaka yetu, mtu mzima mwenye biashara na wafanyakazi, aliinama akasogeza mwenyewe. Nyumba ikarudisha mlio wake wa zamani kidogokidogo.

Mwisho kabisa wakaleta kiti cha kamba. Wanaume walisimama nacho, hawakujua pa kukiweka. Kaka alisema labda yeye achukue hicho, aende nacho Kasenga. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kikibaki pale karibu na mlango kitupu, Yaya atakuwa akijigonga nacho kila siku, na kila siku kitamuumiza.

“Ndiyo, kitaniumiza,” Yaya akasema. “Mukiweke palepale. Nikikigusa, nitajua nimefika ku mulango.”

Kaka akakipokea kutoka kwa wale wanaume. Akakibeba mwenyewe mpaka karibu na mlango wa nyuma, pale upepo unapopita, akakiweka chini. Kisha akapaza sauti, ingawa Yaya alikuwa nyuma yake tu.

“Nimeweka kiti ya mama,” akasema. “Iko ku mulango.”